Dodoma ina kalenda yake: niliyojifunza nikiuza chakula makao makuu

Ukitaka kufungua biashara Dodoma, kabla ya kuuliza kodi ya fremu uliza Bunge linakaa lini na linaahirishwa lini. Mimi hilo sikuambiwa na mtu, kwa sababu kila aliyelijua alidhani nalijua. Naandika haya hasa kwa kina dada walioko Dar ambao waume zao wamehamishiwa huku, na wao wanajiuliza wafuate wakiwa na nini mkononi.

Mume wangu ni mtumishi wa serikali. Wizara yake ilihamia Mji wa Serikali pale Mtumba mwaka 2019, naye akahama nayo na begi moja na godoro. Mimi nikabaki Tabata na watoto na biashara yangu ya chakula cha mchana. Hoja yangu ilikuwa kwamba hili la kuhamia Dodoma tumelisikia tangu hatujazaliwa. Na ni kweli: TANU iliamua mwaka 1973, mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA, na baadaye Bunge likahamia, lakini wizara zikaendelea kukaa Dar. Kuna watu wameajiriwa na kustaafu wakisubiri uhamisho huo. Mwaka 2016 Rais Magufuli akasema sasa tunahama, na Waziri Mkuu Majaliwa akatangulia mwaka uleule. CDA ikavunjwa 2017, Dodoma ikatangazwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, na Septemba ya mwaka huo Bunge likapitisha sheria ya kuitambua kama makao makuu. Ilipofika sheria, mume wangu akaniambia, "Mama, safari hii hakuna kurudi." Bado nilisitasita.

Kukaa nyumba mbili kunakula fedha kuliko mnavyodhani mkiwa mnapanga kitandani. Kodi mbili, umeme mara mbili, nauli ya basi kila mwisho wa mwezi, na ile siku nzima ya barabarani inayomfikisha mtu nyumbani akiwa na hamu ya kulala tu. Watoto walianza kumwita baba yao "mgeni wa Jumamosi", kwa utani. Utani ule haukunichekesha. Mwaka 2022 nikafunga jiko la Tabata, nikauza meza na viti, tukahamia sote Ilazo.

Jiji lilinipokea kwa upepo. Dodoma ni nchi kavu, iko juu ya mita elfu moja na zaidi kutoka usawa wa bahari, mvua inanyesha kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, kisha anga linafunga mlango. Kuanzia Juni asubuhi na usiku ni baridi ya kuvaa sweta, na mchana upepo unaleta vumbi jekundu linaloingia hadi ndani ya kabati la vyombo. Mtu wa chakula unalifikiria vumbi hilo tofauti na watu wengine. Maji nayo yalikuwa ya mgao mtaani kwetu, kwa hiyo kitu cha kwanza nilichonunua, kabla hata ya jiko, ni simtanki. Kama unakuja kupika, liweke simtanki juu ya orodha. Usilifanye kitu cha kuongeza baadaye.

Kilichonipa moyo ni namba. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma mjini. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Nikajiuliza: watu wote hawa walioongezeka wanakula wapi mchana? Nikakata shauri.

Fremu niliipata kwa dalali. Kodi ilikuwa shilingi laki tatu kwa mwezi, mwenye nyumba akitaka miezi sita mkononi. Mpangaji aliyekuwa anatoka alitaka kilemba cha milioni moja na nusu kwa ajili ya vigae na sinki aliloliacha, na dalali akachukua kodi ya mwezi mmoja kama ilivyo desturi. Hapo sijapaka rangi. Jambo moja watu wengi hawalijui, na mimi niliambiwa na mhasibu nikiwa nimeshalipa: unapokodi mahali pa biashara, sheria ya kodi inakutaka wewe mpangaji ukate asilimia 10 ya kodi ya pango, uipeleke TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, na mwenye nyumba umpe kilichobaki. Inaitwa kodi ya zuio. Wenye nyumba wengi wakisikia neno hilo wanakunja uso. Lizungumzeni kabla ya kusaini, maana ukishalipa yote asilimia hizo zitatoka mfukoni mwako.

Vibali havikunisumbua sana. TIN, ile namba ya mlipakodi, leseni ya Halmashauri ya Jiji inayoombwa mtandaoni kupitia mfumo wa TAUSI, bwana afya kuja kuangalia jiko na choo, zimamoto, na wote wanaoshika chakula kwenda kupima afya. Kila kitu kilipiwe kwa namba ya malipo ya serikali. Akikuambia mtu "nipe mimi nikupelekee", muage kwa heshima.

Nilifungua Aprili. Ah, Aprili! Bunge la Bajeti linaanza mwezi huo na kwenda hadi mwisho wa Juni, na kila wizara inakuja na maofisa, madereva, makatibu muhtasi na makabrasha yake. Nyumba za wageni zinajaa hadi za pembeni kabisa. Nilikuwa napika wali wa nazi, maharage ya nazi, samaki wa kupaka, mchicha, chapati, yaani kama niko Tabata. Saa saba mchana watu walikuwa wanakula wamesimama. Ofisi moja ikaniomba chai ya saa nne na chakula cha mchana kwa vikao vyao, nikakubali. Niliongeza wasichana wawili, nikanunua friza kubwa kwa mkopo wa kikundi. Nikampigia simu dada yangu nikamwambia aache kila kitu aje.

Julai ikaja kama mtu aliyekata umeme.

Bunge likaahirishwa mwisho wa Juni. Wiki iliyofuata wageni wakawa wameondoka. Watumishi waliobaki nao hawakula nje kama zamani, maana posho za vikao zilikuwa zimekwenda na vikao. Vyuo vikafunga, UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, peke yake ikifunga, kuna mitaa ya jiji hili inabaki na mbwa na madereva wa bodaboda. Nakumbuka Alhamisi moja nilitoa samaki kumi na mbili, wakaliwa watatu. Wale tisa nikawarudisha ndani, Ijumaa nikawakaanga upya, nikawanusa, nikawamwaga. Usiku ule nililia kwenye ndoo ya kuoshea vyombo ili wasichana wasinione, na walikuwa wananiona.

Na ile ofisi ya vikao? Fedha yangu ilikuwa bado. Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu ndipo wanapozama wengi wanaokuja Dodoma wakidhani serikali ni mteja asiyeishiwa. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha tarehe 30 Juni. Ankara ambayo haijaingizwa na kulipwa kabla ya hapo inavuka kwenda mwaka mpya, na Julai vifungu vya fedha vinakuwa bado havijakaa sawa. Nilizoea jibu moja: "Dada, iko kwenye mfumo." Mfumo ulikaa nayo hadi Oktoba. Hawakunidhulumu, walinilipa yote, lakini mkopo wa friza haukungoja Oktoba.

Tangu hapo sipiki kikao kwa simu ya mdomo. Nataka LPO, yaani hati ya oda ya manunuzi, mkononi kabla sijawasha moto, natoa risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, siku ileile, na kazi za ofisi za Mei na Juni nazipokea kwa kiasi ambacho kikichelewa miezi minne bado nitanunua gesi. Mwenye nia ya kazi kubwa zaidi ajisajili kwenye NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali, na kama ni wanawake mko pamoja sajilini kikundi, maana sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Jiji pia lina ile mikopo isiyo na riba inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka uliofuata. Kuipata kunataka uvumilivu na kikundi kisicho na ugomvi. Kati ya hivyo viwili, cha pili ndicho kigumu.

Agosti nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu za kurudi Dar. Siku moja niko soko la Majengo natafuta nazi, ambazo huku zinakuja kwa gari na bei yake inakuja na nauli. Nikamwamkia mama mmoja anayeuza mlenda mkavu na karanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kila siku nazi, nazi. Unampikia nani?"

Nikamwambia habari za Bunge na jinsi wateja walivyoondoka. Akaendelea kupima karanga zake kwa kopo, hana haraka.

"Hao wameondoka. Sisi tupo. Sisi hutupikii?"

Nilicheka kwa adabu, lakini swali nilikwenda nalo nyumbani. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimeuza chakula cha Pwani kwa watu wa Pwani waliokuja kikazi. Wenyeji, mafundi wanaojenga magorofa haya, wauguzi, makondakta, walimu, walikuwa wanapita mbele ya fremu yangu bila kugeuza shingo. Nikarudi sokoni, nikamwomba mama yule aje anifundishe. Akaja Jumapili na kifurushi chake, akakataa kuvaa aproni.

Ugali wa uwele hausongwi kama wa sembe. Unga wake ni wa kijivu na unanukia kama nafaka iliyokaangwa kidogo; ukiuchelewesha kwenye moto unakuwa mchungu, ukiuwahisha unabaki mbichi katikati. Mama aliusonga akiwa amebana sufuria kwa miguu yote miwili, chini, si mezani. Mlenda mkavu, majani yaliyoanikwa na kutwangwa, ulimwagwa kidogo kidogo kwenye maji yanayochemka yenye magadi, huku anakoroga upande mmoja tu. Halafu nyanya, halafu karanga zilizotwangwa, na moto ukapunguzwa. Nilipotaka kuongeza kitunguu alinishika mkono. "Acha mambo ya Dar." Tulipomaliza, mume wangu ambaye ni mtu wa Tanga na hana subira na mlenda alikula sahani mbili, akasingizia njaa.

Tulianza na Jumatano na Ijumaa: ugali wa uwele au wa mtama, mlenda, kuku wa kienyeji, maziwa ya mgando, na perege wa bwawa la Mtera badala ya samaki wa bahari wanaofika wamechoka. Bei nikaishusha. Mafundi ndio waliofika kwanza. Wakaja wauguzi. Kilichonishangaza ni watumishi wa mikoa mingine, Wachaga na Wahaya na Wasukuma, waliokuja kwa udadisi: wameishi Dodoma miaka mitatu, hawajawahi kula chakula cha Wagogo, wenyeji wa hapa. Kuna mmoja aliniambia Dodoma haina utamaduni, ina ofisi tu. Alisema hivyo huku anajipakulia mlenda.

Maneno hayo yananikera kuliko vumbi. Mtu anashuka uwanja wa ndege, anakwenda Mtumba, anarudi hotelini, kisha anatangaza kwamba Dodoma hakuna kitu. Mimi mwenyewe ningekuwa hivyo kama mama wa mlenda asingenialika kwao Mvumi baada ya mavuno. Tulifika, wenyeji wakatupokea kwa "Mbukwenyi!", nami nikajibu vibaya, watoto wakafurahi. Jioni wanawake wakatoa ngoma za muheme. Wanazibana kati ya mapaja, wamejifunga vitambaa, njuga miguuni, na mikono inakwenda haraka hadi huoni vidole. Upande wa pili wanaume wana zeze na ilimba, ile marimba ya kupigwa kwa vidole gumba, na sauti za kuimba zinapandana ngazi kwa ngazi, mmoja juu kabisa kama filimbi, wengine wanamwekea chini. Hakuna kipaza sauti. Nimekwenda kumbi nyingi za Dar, sijawahi kusikia watu wasio na spika wakijaza uwanja namna ile.

Nilirudi nikimfikiria mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose. Alikuwa mtoto wa mkoa huu, Mgogo. Kipaji chake kikamfikisha Dar, akafundisha chuo cha sanaa Bagamoyo, akarekodi kwa studio za mwanamuziki Peter Gabriel huko Uingereza, na alipofariki mwaka 2003 alikuwa anakaa Bagamoyo. Enzi hizo msanii wa Dodoma ilimlazimu ahamie Pwani ili nchi imsikie. Sasa nchi imehamia Dodoma, Ikulu mpya ya Chamwino ilizinduliwa Mei 2023, na hapohapo Chamwino kuna kituo cha sanaa ambacho kimekuwa kikiandaa Tamasha la Muziki wa Cigogo kwa miaka mingi. Wageni wa Ikulu ni wengi. Wa tamasha ningependa wawe wengi zaidi. Ukisikia linafanyika, nenda, na ukiwaalika wacheza ngoma kwenye shughuli yako usiwape soda na nauli. Jiulize DJ ungemlipa kiasi gani.

Nikaanza, kwa mzaha, kuwaelekeza wateja mahali pa kwenda. Jumamosi ni mnada wa Msalato. Huko unakuta nguo, vyungu, visu, mahindi, ng'ombe, na nyuma kabisa moshi wa nyama. Usiagize kwa kukaa. Nenda mwenyewe kwenye banda la mchinjaji, chagua paja au mbavu, ipimwe mbele yako, isindikize hadi kwenye moto, umwone mchomaji anayeishika. Ukiiacha njiani, itakayokuja mezani inaweza kuwa ndugu wa ile uliyonunua. Na mwenye siku nzima aende Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Barabara ya kuelekea Babati ni lami, ila kupanda kwenye miamba kunataka viatu vya kweli na mwongozaji wa pale Kolo. Tuliondoka alfajiri na watoto. Mdogo alipoona mtu aliyechorwa kwa rangi nyekundu kwenye jiwe akauliza nani amemruhusu kuandika ukutani.

Zabibu nazo zilinifunza kitu. Dodoma inavuna mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Nilipoona beseni barabarani linauzwa kwa bei ya kutupa, nikadhani nimepata mgodi. Nikanunua nyingi, nikauza juisi siku mbili, siku ya tatu zilizobaki zikaanza kuchachuka zenyewe. Wakulima wa Hombolo na Mpunguzi wanalijua hilo vizuri: zabibu haimsubiri mnunuzi, ndiyo maana wengi wanazikamua na kuuza mchuzi kwa viwanda vya mvinyo, na ndiyo maana bei mara nyingi inaamuliwa na mwenye tangi kuliko mwenye shamba. Sasa nanunua kidogo, nyingine tunazianika juu ya paa chini ya chandarua. Jua la Dodoma na ukavu wake, ambao ngozi yangu inaulaani, unakausha zabibu vizuri ajabu.

Treni ndiyo iliyobadilisha mambo upya. Ya SGR, ile reli ya kisasa, ilianza kufika Dodoma Julai 2024, na Agosti mosi ikazinduliwa rasmi. Nauli ya kawaida kutoka Dar ikiwa shilingi 31,000, na safari isiyofika hata nusu ya siku, niliwaza wageni watakuja tele. Wamekuja, ni kweli. Lakini na watumishi wengi ambao familia zao zilibaki Dar wakapata njia ya kuondoka Ijumaa jioni na kurudi Jumapili usiku. Jumamosi yangu, iliyokuwa siku nzuri, ikapungua ghafla. Wenzangu kadhaa wenye baa walilalamika hivyohivyo. Mji unakua, magorofa yanaongezeka, na bado siku moja ya wiki inaweza kuhama na treni. Nilipokaa na daftari nikaona Ijumaa mchana watu wanapita kwangu na mabegi, wakiuliza, "Dada, huna kitu cha kuwapelekea watoto?" Ndipo nikaanza kufungasha: zabibu kavu, ubuyu, karanga, mlenda mkavu wa mama yule wa Majengo, ambaye sasa ananiletea kwa gunia na bei amepandisha. Ana haki. Kwa sasa Ijumaa inanilipia hasara ya Jumamosi. Kama unataka kufungasha kwa kuuza madukani, waone SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakuelekeze kuhusu vifungashio, na alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, uianze mapema, ni safari.

Kwa hiyo daftari langu la leo linakwenda hivi. Aprili hadi Juni naongeza vibarua wa muda, siajiri. Julai na Agosti napika kidogo, nafanya ukarabati, naenda vijijini kununua karanga na uwele wakati wa mavuno. Vikao vifupi vya Bunge vya mwanzo wa mwaka na vya Novemba ni nyongeza nzuri tu. Mwaka wa uchaguzi ni balaa lake peke yake: 2025 Bunge lilimaliza kazi mwishoni mwa Juni na likakaa tupu hadi Novemba, na waliofungua migahawa karibu na Bunge wakiwa hawakulifikiria hilo walifunga kabla ya Septemba. Fremu mbili jirani yangu zilibadilisha wapangaji.

Swali ninaloulizwa zaidi kuliko yote ni la viwanja, basi nalo. Kiwanja Dodoma usikinunue Jumamosi. Madalali wanapenda kuonyesha Jumamosi, na Jumamosi ofisi ya ardhi imefungwa. Chukua namba ya kiwanja na kitalu, Jumatatu nenda ofisi ya ardhi ya jiji, omba upekuzi, kisha rudi eneo lenyewe ukaongee na mwenyekiti wa mtaa na majirani. Kuna maeneo mwenye karatasi ni mmoja na mwenye shamba la mtama ni mwingine, na wote wawili wana hoja. Viwanja vya jiji vilipiwe kwa namba ya malipo, si kwa simu ya ofisa. Soma masharti ya hati, maana ya kawaida yanakutaka uendeleze ndani ya miezi 36. Na chimba udongo kwa jembe kabla ya kutoa hata shilingi: ukiukuta mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika, msingi wake utakugharimu karibu na bei ya kiwanja. Matetemeko madogo huku si habari ya ajabu, kwa hiyo nondo si mahali pa kubana matumizi.

Sisi tulinunua Nala, upande ambao barabara ya mzunguko wa nje inapita, ile ya kilomita 112.3 inayounganisha Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu. Jirani anasema barabara ikikamilika bei itapanda mara tatu na tuuze. Mume wangu anataka kujenga. Kwa sasa tumeweka msingi ili masharti yasitushike, tumepanda minyaa kuzunguka bikoni, yaani alama za mpaka, zote nne, na ujenzi utaendelea bomba la maji likifika. Ufundi tutautafuta Julai, mafundi wakiwa hawana kazi nyingi na wanasikiliza bei.